Thomas Midgley: Mtu aliyenyamazisha injini kwa risasi

PIKAPU iliyopakia saruji na mabati kutoka Bukoba ikianza kupanda kilima cha kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, wilayani Muleba, dereva hukanyaga mafuta ili isizimike. Hapo ndipo baadhi ya magari hutoa mlio mkali wa haraka haraka, mithili ya misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Dereva akiachia mafuta, mlio unakoma. Akikanyaga tena, unarudi.

Wengi huuzoea mlio huo na kuendelea na safari. Baada ya miezi kadhaa gari linapoteza nguvu, linakula mafuta kuliko kawaida, na siku moja fundi anafungua injini na kukuta pistoni imetoboka au gasketi ya silinda hedi imeungua. Faida ya msimu mzima wa kahawa inaishia gereji.

Mlio huo una historia. Zaidi ya miaka 100 iliyopita ulimsumbua mhandisi mmoja wa Marekani, Thomas Midgley, ambaye alitumia miaka mitano kuutafutia dawa. Dawa aliipata, ikauzwa dunia nzima na ikampatia heshima kubwa. Lakini dawa hiyo ilikuwa sumu, na bili yake ililipwa na watu ambao hawakuwahi kumiliki gari.

Mtoto wa mvumbuzi

Midgley alizaliwa Mei 18, 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, na kukulia Columbus, jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mvumbuzi aliyeshughulika na matairi, hivyo kijana huyo alikua akiona vyuma, mpira na michoro ya mashine nyumbani kwao.

Alisoma uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell na kuhitimu mwaka 1911. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha za madukani, mjini Dayton, Ohio. Baadaye alifanya kazi ya matairi pamoja na baba yake.

Mwaka 1916 aliajiriwa katika maabara ya Charles Kettering mjini Dayton. Kettering ndiye aliyeyapatia magari stata ya umeme, kifaa kilichowaondolea madereva adha ya kuwasha injini kwa kuzungusha mpini wa chuma. Midgley hakuwa mkemia kwa elimu yake, lakini kazi aliyopewa hapo ndiyo iliyomgeuza kuwa mkemia.

Tatizo lilianzia shambani

Kampuni ya Kettering ilikuwa ikiuza jenereta ndogo kwa ajili ya wakulima wa Marekani ambao vijiji vyao havikuwa na umeme. Jenereta hizo zilitumia mafuta ya taa, kwa kuwa yalikuwa salama zaidi kuhifadhi nyumbani kuliko petroli.

Tabu ilikuwa moja. Mzigo ulipoongezeka, injini iligonga vibaya na wakati mwingine kuharibika. Magari nayo yalikuwa na tatizo hilo hilo, na baadhi ya watu walimlaumu Kettering wakidai kuwa mfumo wake wa kuwasha kwa betri ndio chanzo. Yeye aliamini kuwa kasoro ilikuwa katika mafuta, akampa Midgley kazi ya kutafuta ukweli.

Midgley alitaka kwanza kuona kinachotokea ndani ya silinda. Aliweka kidirisha kwenye injini na kutengeneza kamera ya kienyeji kwa kutumia kopo la nyanya lililozungushiwa filamu. Aliyoyaona yalibatilisha imani ya wengi wa wakati ule: mgongano haukutokea kabla ya plagi kutoa cheche. Ulitokea baada yake.

Jambo hilo ni muhimu kwa kila mwenye gari. Katika injini nzima ya petroli, cheche huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta, na moto husambaa kwa mpangilio kutoka kwenye plagi hadi mwisho wa silinda, ukisukuma pistoni chini. Injini ikigonga, sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi hushindwa kusubiri. Kwa kubanwa na joto na mgandamizo, hulipuka yenyewe kwa ghafla. Mlipuko huo hupiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni kama nyundo, na mlio unaosikika ni wa mapigo hayo.

Madini joto, kisha risasi

Midgley na Kettering walijiuliza kama rangi nyekundu ingeweza kusaidia mafuta ya taa kufyonza joto na kugeuka mvuke mapema. Wazo hilo lilitokana na ua dogo la porini lenye majani mekundu, ambalo huchanua wakati theluji bado haijaisha.

Alipotafuta rangi nyekundu hakuipata, akachukua iodini, yale madini joto ambayo leo huwekwa katika chumvi. Aliitia kwenye mafuta na injini ikapunguza kugonga. Alipojaribu rangi nyingine nyekundu, hazikufanya lolote. Hivyo wazo la rangi lilikuwa kosa, lakini kosa hilo lilimfundisha kuwa kitu kidogo kikiongezwa katika mafuta kinaweza kubadili namna yanavyowaka.

Iodini ilikuwa ghali na ilikula vyuma. Kwa miaka kadhaa Midgley na wenzake walijaribu kitu kimoja baada ya kingine. Baadhi vilifanya kazi lakini vilinuka vibaya kiasi kwamba harufu iliwaganda mwilini.

Desemba 9, 1921 walijaribu kimiminika chenye madini ya risasi kiitwacho tetraethili ya risasi. Kiasi kisichojaza kijiko cha chai kilitosha kunyamazisha petroli ya galoni nzima. Februari 2, 1923 mafuta hayo yaliuzwa kwa mara ya kwanza mjini Dayton. Jina la biashara lilikuwa Ethyl, na neno risasi halikutajwa.

Kwa jicho la biashara, ulikuwa ushindi mkubwa. Mafuta yasiyogonga yaliruhusu viwanda kutengeneza injini zenye mgandamizo mkubwa, ambazo hutoa nguvu zaidi kwa mafuta yale yale. Mwaka 1924 General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya pamoja kuuza dawa hiyo, na Midgley akawa miongoni mwa viongozi wake.

Kipimo cha oktani nacho kilizaliwa katika kazi hiyo hiyo. Mwaka 1926 mkemia Graham Edgar wa kampuni ya Ethyl alipendekeza kulinganisha petroli na vimiminika viwili: isooktani, ambayo haigongi kirahisi na ilipewa namba 100, na heptani, ambayo hugonga haraka na ilipewa 0. Petroli ya oktani 95 ni ile inayostahimili kama mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na sehemu 5 za heptani. Namba hiyo haipimi nguvu ya mafuta. Inapima uvumilivu wake.

Walijua ni sumu

Madhara ya risasi hayakuwa siri. Yalijulikana tangu enzi za kale, na madaktari walikuwa wameonya. Mwanzoni mwa 1923 Midgley mwenyewe alilazimika kwenda kupumzika Florida kwa sababu ya kuathirika na risasi.

Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa mtambo wa tetraethili ya risasi huko Bayway, New Jersey, walikufa na wenzao zaidi ya 30 kulazwa. Baadhi walichanganyikiwa akili kabla ya kufa. Vifo vingine vilitokea Dayton na katika kiwanda cha Deepwater, pia New Jersey.

Oktoba 30 mwaka huo Midgley alikutana na waandishi wa habari. Mbele yao alinawa mikono kwa dawa hiyo na kuinusa kwa muda wa kama dakika moja, ili waamini kuwa haina hatari. Alifanya hivyo ilhali mwili wake ulikwisha kupata madhara yake.

Mwaka 1925 uuzaji ulisimamishwa na serikali ya Marekani ikaitisha mkutano wa wataalamu. Kamati iliyoundwa ilichunguza kwa miezi michache tu, na mwanzoni mwa 1926 ikasema haikuona sababu ya kutosha kupiga marufuku. Mafuta yenye risasi yakarudi sokoni.

Swali la mchumi ni hili: je, hapakuwa na njia nyingine? Ilikuwepo. Midgley mwenyewe alikuwa amejaribu spiriti na kuona kuwa ikichanganywa na petroli inazuia kugonga. Spiriti hutengenezwa kwa mahindi, miwa, molasi na hata ndizi. Mkulima yeyote mwenye mtambo anaweza kuitoa, na hakuna kampuni moja inayoweza kuimiliki. Tena ingehitajika kwa wingi katika kila galoni, wakati risasi ilitakiwa kwa matone na ilikuwa na hataza.

Kwa kampuni, risasi ilikuwa rahisi. Lakini hesabu hiyo iliacha kitu nje. Gharama ya moshi haikuandikwa katika daftari la muuzaji wala la mnunuzi. Iliandikwa katika miili ya watoto waliokaa kando ya barabara, kwa kuwa risasi huathiri ubongo unaokua. Kwa watu wazima, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza moyo na figo. Tena haiozi, na ile iliyoanguka kando ya barabara zenye magari mengi ilibaki kwenye udongo wa juu.

Friji, heshima na kamba

Midgley hakuishia hapo. Kuanzia mwaka 1928 alishiriki kutengeneza gesi ya friji isiyowaka moto wala kuua mtu anayeivuta, tofauti na zilizotumika awali. Gesi hiyo, iliyojulikana kama Freon, ilitangazwa mwaka 1930, naye akaivuta mbele ya wanasayansi na kuipuliza kwenye mshumaa hadi ukazimika.

Wakati huo ilionekana baraka tupu. Ilikuwa mwaka 1974 ambapo wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kuwa gesi za aina hiyo huharibu ozoni, tabaka la angani linalokinga viumbe dhidi ya miale mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaweka utaratibu wa kuziondoa. Katika hili Midgley anaweza kutetewa kwamba hakujua. Kuhusu risasi, utetezi huo haupo.

Alipewa tuzo kubwa za kemia, ikiwemo medali ya Perkin mwaka 1937 na ya Priestley mwaka 1941, na mwaka 1944 alikuwa rais wa Chama cha Wakemia wa Marekani.

Mwaka 1940 alipatwa na polio iliyomlemaza miguu. Kwa akili yake ya kihandisi alitengeneza mfumo wa kamba na kapi wa kumwinua kitandani. Novemba 2, 1944, nyumbani kwake Worthington, Ohio, alikutwa amekufa akiwa amenyongwa na kamba hizo. Alikuwa na umri wa miaka 55. Ripoti ya uchunguzi ilihesabu kifo hicho kuwa cha kujiua, ingawa mara nyingi husimuliwa kuwa ajali.

Bili yafika

Kifo chake hakikuzuia petroli yenye risasi kuendelea kuenea duniani. Mwaka 1965 mwanasayansi Clair Patterson alionyesha kuwa risasi katika mazingira na katika miili ya watu ilikuwa imepanda mno kutokana na shughuli za binadamu. Viwanda vilimpinga, lakini ushahidi uliongezeka. Marekani ilianza kupunguza risasi katika miaka ya 1970 na kuipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996.

Afrika ilichelewa. Juni 2001 wawakilishi wa nchi za kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, na kukubaliana kuiondoa kufikia mwisho wa 2005. Lengo hilo lilitimia, Tanzania ikiwemo. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha kuuza petroli hiyo kwa magari Julai 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kuwa hatua hiyo ya dunia nzima inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Magari hayakusimama kwa kukosa risasi. Viwanda vya kusafisha mafuta viliboresha petroli yenyewe, na nchi nyingi sasa huchanganya spiriti, ile ile aliyoijaribu Midgley. Kenya iliwahi kuchanganya spiriti ya molasi na petroli katika miaka ya 1980.

Mafuta ya taa yarudi injinini

Kwa wakazi wa Kagera habari hii ina mkia. Midgley alianza kazi kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yakigongesha injini. Miaka 90 baadaye, mafuta ya taa yaliingia tena katika injini za Tanzania kwa mlango wa nyuma.

Ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa mdogo kuliko wa petroli na dizeli, hivyo baadhi ya wauzaji waliyachanganya ili kujipatia faida. Neno uchakachuaji likawa la kila siku. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kubaini yaliyochanganywa, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho.

Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana. Yakiingia katika petroli, injini hugonga, na anayelipa si aliyechanganya. Hesabu ni ile ile ya mwaka 1923: faida kwa mmoja, gharama kwa mwingine.

Hata hivyo, si kila mlio unatokana na mafuta machafu. Mwenye gari anayesikia misumari kwenye kilima aanze na mambo yasiyo na gharama.

Kwanza, ashushe gia badala ya kukandamiza mafuta katika gia kubwa. Injini inayolemewa hugonga haraka zaidi. Kama gari limezidishiwa mzigo, apunguze.

Pili, akumbuke mlio ulianza lini. Ukianza mara baada ya kujaza mafuta, tangi likiisha anunue kituo kingine na kulinganisha. Risiti itunzwe, kwani ndiyo ushahidi wa malalamiko.

Tatu, aangalie joto. Maji pungufu katika rejeta, feni mbovu au thermostati iliyokwama hupandisha joto la silinda, na joto ni rafiki wa mlipuko.

Nne, plagi zitolewe na kukaguliwa. Plagi zisizo za aina iliyotajwa katika kitabu cha gari zinaweza kubaki na joto kupita kiasi. Plagi nyeupe iliyopauka huashiria mafuta kidogo na hewa nyingi, hali inayoweza kuletwa na chujio la mafuta lililoziba, nozeli chafu au mpira wa hewa uliopasuka.

Tano, fundi apime taimingi kwa taa yake, asikadirie kwa sikio. Cheche ikitangulia mno, mgandamizo huzidi na injini hugonga. Magari mapya yana sensa inayosikia mlio na kuchelewesha cheche yenyewe. Kwa magari hayo mlio unaweza usisikike kabisa. Dalili huwa ni uvivu wa gari na ulaji wa mafuta.

Sita, kwa injini iliyotembea sana, masizi yaliyoganda juu ya pistoni hupunguza nafasi na kuongeza mgandamizo. Hayo husafishwa.

Kuna mlio mwingine usiochanganywa na huu. Ukiwa mzito, wa chini, na ukiendelea hata mguu ukitoka kwenye mafuta, huenda ni beringi za injini. Hapo gari lizimwe na oili iangaliwe, maana mafundi wakisema injini imenoki, mara nyingi huko ndiko ilikofikia. Injini ya dizeli nayo ina mgongo wake wa kawaida, hivyo maelezo haya ni ya petroli, pikipiki zikiwemo.

Jambo la mwisho linahusu mahali. Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na nyanda za Kamachumu ziko juu zaidi. Hewa nyepesi ya huko hupunguza mgandamizo, hivyo injini ya kawaida isiyo na taabo inatakiwa kugonga kidogo kuliko ikiwa Tanga au Dar es Salaam. Gari linalogonga Muleba lina jambo la kusema, na likishuka pwani litasema kwa sauti zaidi.

Madukani zipo chupa zinazodaiwa kupandisha oktani. Huenda zikapunguza mlio, lakini hazizibui rejeta wala kurekebisha taimingi. Midgley aliinyamazisha injini, akaacha deni lililochukua karibu miaka 100 kulifuta. Mwenye pikapu wa Muhutwe hana muda huo, na asiyeziba ufa leo atanunua injini nyingine kesho.